Jiwe Lililosagwa kwa Maji

Lachman alikuwa mpangaji wetu, na tangu siku ya kwanza alikikataa chakula changu. Nitapika wali wa karoti na nyama ya kondoo, harufu ifike hadi mlangoni pa msikiti wa kambi, yeye atajikunyata pembeni ya ua na kijungu chake, anakoroga dengu peke yake. Mila za kwao Hindustan hazikumruhusu kula mkononi kwa watu kama sisi. Nilikuwa namtania kila siku ya Mungu.

"Shemeji Lachman, utakufa umekonda hapa Beijing, watu waseme Sanobar kamnyima mgeni chakula."

"Nikila nyama yako, shemeji, mama yangu atafufuka aje anichape."

"Mwache aje. Angalau kambi hii itapata mwanamke mmoja anayejua kusafisha ua."

Alikuwa fundi wa kupachika vito kwenye jade, lile jiwe gumu la thamani. Alikuja kwetu Yarkand akiwafuata wachuuzi wa mawe, akapita milima ambayo nyumbu wenyewe hulia kuipita, akafika na vita vimefika. Jeshi la China lilipoushika mji, lilikusanya kila mtu mwenye ufundi mikononi. Mume wangu Tokhta alikuwa mchongaji wa jade, kama baba yake. Wakampakia, nami wakanipakia, na Lachman wakampakia japo vita havikumhusu hata kidogo. Tukaletwa Beijing, tukawekwa katika kambi ya Waislamu, chini ya ukuta wa kasri la Mfalme.

Binti yetu Gulsum hatukuja naye. Alikuwa na surua, na askari alisema mtoto mgonjwa hapandi mkokoteni. Nilimwacha mikononi mwa mama yangu, akiwa hajaanza kutembea, macho yamevimba hata asinione nikiondoka. Nalisema hili mapema ili mtu asinishangae mbele ya safari. Kila nilichokifanya katika mji ule, nilikifanya nikiwa nangoja ruhusa ya kurudi kwa mwanangu.

Mimi niliruhusiwa kuingia karakana ya kasri kwa sababu ya nguruwe. Jiko la pale lilikuwa nguruwe mtupu, na mafundi wa kwetu wangekufa njaa kuliko kuligusa. Basi adhuhuri napita getini na vikapu vyangu vya mikate na supu, askari ananifunulia vitambaa, anachungulia, ananipisha. Ndiyo maana mambo mengi ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu.

Siku bakuli lile lilipoletwa nilikuwa nagawa mikate. Mwangalizi wa karakana, Bwana Delin, Mmanchu wa kabila la Mfalme, mnene, mwenye vidole laini kama vya bibi harusi, aliingia akilibeba mwenyewe juu ya mto wa hariri. Lilikuwa la jade nyeupe, limetoka Hindustan, jembamba kiasi kwamba kivuli cha kidole gumba chake kilionekana upande wa pili. Ubavuni pake palitambaa mzabibu wa dhahabu, na kila ua lake lilikuwa yakuti nyekundu. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na naweza kukisifu hata leo ingawa kilituletea balaa.

"Mfalme anauliza," alisema Delin, "hao watu wa Hindustan wanasugua na nini hata jiwe halina mkwaruzo wa mchanga? Muulizeni yule wa kwao."

Tokhta ndiye aliyekuwa mkalimani, kwa kuwa Kichina chake cha sokoni kilizidi cha wenzake. Akamgeukia Lachman. Lachman akalipokea bakuli, akaliinua dirishani, uso wake ukawa kama wa mtu aliyekutana na ndugu.

"Hili? Hili ni ab, kaka. Ni ab tupu, wala halina kingine."

Sasa, ab ni maji. Hivyo ndivyo lilivyo katika lugha ile tuliyokuwa tukiitumia naye. Lakini kwa mafundi wa vito ab pia ni mng'aro ulio ndani ya jiwe: jiwe hili lina maji, jiwe lile limekauka, jambia hili limepewa maji mazuri. Lachman alikuwa anausifu mng'aro. Swali lenyewe hata hakulisikia, alikuwa amezama kwenye bakuli.

"Anasema ni maji tu," Tokhta akatafsiri.

Macho ya Delin yakafunguka. "Maji tu? Bila mchanga?"

Na mume wangu, alipoona mkubwa amefurahi, akaitikia kwa kichwa. Nilimwona. Mkate ulinidondoka mkononi.

Tulipofika nyumbani nilimpasulia. "Kichwa maji wewe! Baba yako amesaga jiwe kwa mchanga miaka yote, na wewe hivyo hivyo, leo unasema maji?"

"Mama Gulsum, punguza sauti. Mtu mkubwa kauliza, kajibiwa, kaenda zake. Nani atakumbuka?"

Mfalme alikumbuka. Mfalme yule alikuwa hawezi kukiona kitu kizuri akakiacha kipumue; lazima akitungie shairi, na shairi lichongwe juu ya kitu chenyewe. Baada ya muda bakuli likarudi karakana pamoja na maneno ya kuchongwa kwenye kitako. Shairi lilisifu mafundi wa Hindustan kwamba wao hulisaga jiwe kwa maji matupu, na likawabeza mafundi wa China wanaohangaika na mchanga.

Kazi ya kuchonga herufi ilipewa Mzee Gu. Huyu alikuwa kiongozi wa wachongaji wa Kichina waliotoka mji wa Suzhou, mtu wa ulimi mkali na ndevu chache za kuhesabika, na tangu tufike hakuacha kutuita vilemba. Aliyasoma yale maneno mara ya kwanza, akayasoma tena, kisha akacheka hadi akaketi sakafuni.

"Njoo hapa, kilemba," akamwita Tokhta. "Naambiwa nichukue mchanga, niuchongee jiwe, niandike kwamba mchanga haukutumika. Kwenu maji yanakata mawe, sivyo? Basi mnaogaje? Hamkatiki makalio?"

"Mwambie mzee huyo," nilimwambia Tokhta, "kwamba sisi tunaoga. Ndiyo tofauti yetu na yeye."

Tokhta hakutaka kutafsiri, lakini Gu alinikazia macho hadi akatafsiriwa. Alicheka tena. Tangu siku ile mimi na mzee yule tulipendana kwa matusi, na hakuna aliyewahi kunichekesha kama yeye katika mji ule. Herufi alizichonga kwa mkono usiotetemeka, kwenye kitako chembamba kama ganda la yai, na hapakuwa na ufa hata mmoja.

Kisha ikaja amri. Mfalme anataka bakuli la pili, pacha wa lile la kwanza, lichongwe hapa hapa, kwa njia ya Hindustan, kwa maji.

Delin aliwaita watatu pembeni, Tokhta, Lachman na Mzee Gu. Mimi nilikuwa nakusanya vyombo, na hakuna anayemfukuza mwanamke anayekusanya vyombo.

"Likikamilika," alisema Delin, "Tokhta na mkewe watapewa ruhusa ya kurudi kwao Yarkand. Nimeahidiwa mimi mwenyewe."

Mawazoni nilimwona Gulsum mlangoni kwa mama, amesimama kwa miguu yake.

Lachman, alipotafsiriwa, alishtuka. "Kaka, mwambie ukweli. Mwambie lile neno sikulisema hivyo."

Tokhta akajikohoza. "Bwana Mkubwa, lile neno la maji, nadhani palitokea kutoelewana kidogo..."

Delin akanyanyua kidole. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Neno limeshachongwa. Liko kwenye kitako cha bakuli, na bakuli liko mezani kwa Mfalme. Kumdanganya Mfalme adhabu yake mnaijua. Sasa niambieni, nani alimdanganya? Ni wewe uliyetafsiri, au ni mimi niliyefikisha?"

Ni Mzee Gu aliyetuokoa, au hivyo tulidhani. Alikwenda kwenye beseni la mchanga mwekundu wa kusagia, ambao siku zote hulowekwa ili ushike kwenye gurudumu, akachota konzi, ukawa unamchuruzika kati ya vidole.

"Bwana Mkubwa," alisema, "katika karakana hii tuna maji ya aina mbili. Kuna meupe, na kuna haya mekundu."

Delin alilitazama beseni. Kisha akatazama dirisha. "Hayo mekundu yapo ya kutosha?"

"Tele, Bwana Mkubwa."

"Basi fanyeni kazi."

Siku zilizofuata ndizo pekee nilizopata raha Beijing. Karakana nzima iliugeuza ule uongo kuwa mchezo. "Niongezee maji mekundu!" "Maji yako mazito, kaka, yachekeche!" Tokhta alichonga, akalipunguza jiwe mpaka likaanza kupitisha mwanga. Alizoea gurudumu la kuvutwa kwa upinde, lakini Gu alimkalisha kwenye lile la Kichina la kukanyaga kwa miguu, akamtukana mpaka akalijua. Na Gu naye, mzee mzima, alikaa miguuni kwa Lachman kama mwanafunzi. Lachman alikuwa anaichukua dhahabu safi kabisa, anaifua mpaka inakuwa laini kama utando wa maziwa, kisha anaibana kuzunguka yakuti kwa ncha ya chuma, bila moto, bila gundi, nayo inashika. Chini ya kila yakuti alitanguliza kipande cha karatasi ya fedha ili jiwe liwake.

"Bila moto?" Gu alikuwa anauliza kila mara. "Mhindi, mbona bila moto?"

"Dhahabu ikiwa safi inajipenda yenyewe," Lachman alimjibu. "Ukiigusanisha, inashikana."

Gu alijaribu, yakuti ikaruka ikaingia kwenye supu yangu. Tuliitafuta wote kwa vijiko. Alijaribu tena na tena mpaka ikakaa, na alipoona imekaa alifuta macho kwa mkono wa kanzu, akatuambia ni vumbi.

Bakuli likaisha. Liliwekwa kando ya pacha wake na hata Delin hakuweza kuyatofautisha mpaka apindue asome kitako. Likapelekwa kwa jina la fundi wa Hindustan. Mfalme akafurahi. Ruhusa yetu ikaandikwa, tukaambiwa tutaondoka theluji ikiyeyuka, na mimi nikaanza kushona viatu vya mtoto. Nilishona jozi za saizi tofauti kwa sababu sikuujua mguu wake.

Kumbe furaha ya mkubwa nayo ni hatari. Mfalme alifurahi mno. Akaamuru mafundi wote wa kasri waache mchanga, wajifunze maji, na akamleta Mkaguzi wa kusimamia jambo hilo. Mkaguzi huyu hakuwa mtu mbaya, na naomba nieleweke. Alikuwa mwembamba, mpole, hanywi, hali rushwa. Alikuwa amelisoma shairi akaliamini, kwa kuwa hakuona sababu ya kutoamini. Siku ya kwanza tu alitoa mchanga wote kwa magunia ukamwagwa nje ya ukuta, yakabaki mabeseni ya maji masafi. Akawakalisha watu wa Suzhou kwenye magurudumu, Gu mbele yao. Delin alikuwepo. Aliangalia viatu vyake.

Wakasaga maji. Mwezi ukaandama, Mkaguzi akapita, akayagusa mawe. Yalikuwa vilevile.

"Hindustan wanaweza, nyinyi hamuwezi?" aliuliza. "Hiki ni kiburi. Watu wa Suzhou hamtaki kujifunza kwa wageni."

Wakapigwa kwa mianzi, na Gu akapigwa zaidi kwa kuwa ni kiongozi. Mwezi mwingine ukaandama, wakapigwa tena. Gu angeweza kusema. Neno moja tu la maji mekundu lingemwondolea fimbo, lakini lingeondoa na vichwa vyetu, na chake pia huenda kisingesalia. Alinyamaza. Nilimpelekea supu, nikamkuta amelala kifudifudi kwenye jamvi, mgongo na mapaja havitazamiki.

"Sisi Suzhou tunasifika kwa kupenda kula mianzi michanga," aliniambia. "Leo nimekula mpaka nimekinai."

Sikuweza kucheka. Nilimlisha kwa kijiko na nilikuwa na hasira kiasi cha kutaka kuuma kitu.

Jioni ile Tokhta alisema atakwenda kwa Mkaguzi kueleza lile neno. Nikamwambia hatakwenda. Akasema mzee atakufa. Nikamwambia najua atakufa, na mwanangu je? Anakua bila mama, ruhusa yetu imeshaandikwa, theluji imeanza kulainika kwenye paa, na wewe unataka kwenda kukatwa kichwa kwa sababu ya neno? Nilipiga kelele. Nilimwambia anyamaze, na kama ingekuwa leo ningemwambia hivyo hivyo. Asiyewahi kumwacha mtoto mgonjwa barabarani asinifundishe huruma.

Ukuta kati yetu na chumba cha Lachman ulikuwa wa mabua na udongo. Alisikia kila kitu.

Asubuhi alioga, akavaa nguo safi, akatembea na Tokhta hadi karakana. Adhuhuri nilipofika na vikapu, Lachman alikuwa amesimama mbele ya Mkaguzi, na mafundi wote wameacha magurudumu. Alikuwa anamwambia mume wangu, "Neno kwa neno, kaka. Safari hii usinipunguzie wala usiniongezee."

"Nitasema unavyosema," alijibu Tokhta, jasho linamtoka.

"Mwambie wazee hawa hawana kosa. Maji ni yetu. Yanatii mikono ya watu wetu tu. Ufundi huu haufundishwi kwa maneno wala kwa fimbo. Mtu ambaye hajalala paa moja na fundi mwenyewe miaka na miaka, hataupata, hata umuue."

Tokhta alitafsiri yote, vizuri, polepole, bila kukosea hata neno moja. Mkaguzi alisikiliza, akafikiri. Aliyaona maneno yana maana. Akawatazama watu wa Suzhou na migongo yao, na nadhani aliona haya, kwa sababu aliamuru papo hapo warudishiwe mchanga wao na wapewe dawa.

"Basi," alisema, akimgeukia Lachman kwa heshima kabisa, "Mfalme atapenda kuiona kazi hiyo ikifanywa na mkono wenyewe."

Wakamwekea gurudumu uani, penye mwanga, karibu na lango. Wakamwekea jiwe la jade ambalo halijaguswa, kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Wakamwekea mtungi wa maji. Na kwa kuwa Mkaguzi alikuwa mtu makini, akaweka na askari wa kuhakikisha hakuna mchafu wowote unaoingia kwenye maji yale.

Lachman akakaa, akaanza kukanyaga.

Alisaga maji majira ya kuchipua, akasaga maji joto likaja. Gurudumu la chuma lilizunguka, maji yakaruka, jiwe likakaa. Mkaguzi alikuja kila mwezi ukiandama. Chuma kilikuwa kimeacha weusi kidogo kwenye jiwe, kama masizi yanavyokaa kwenye sufuria. Mkaguzi akapitisha kidole.

"Limeanza kulainika hapa," alisema.

Delin akasema naam, limeanza. Mafundi wakaulizwa, wakasema naam. Tokhta akaulizwa, akasema naam. Taarifa ikapanda juu kwamba kazi inaendelea, na baada ya hapo nani angesema haiendelei?

Theluji ilikuwa imeshayeyuka zamani. Nilipokwenda kwa Delin kuuliza safari yetu, alinitazama kwa huruma ya kweli. "Ruhusa ipo. Lakini fundi wa Hindustan hana mkalimani mwingine. Subirini jiwe liishe."

Kuna siku nilimchukia Lachman. Nilipita pale langoni, namwona mgongo wake unapanda na kushuka, najiambia, huyu na wema wake ndiye anayenitenga na mwanangu. Siku nyingine nilikaa kando yake nikalia waziwazi, askari akanitazama asijue la kufanya.

"Shemeji, lidondoshe jiwe," nilimnong'oneza siku moja. "Livunjike, yaishe."

"Jade haivunjiki kirahisi, shemeji. Ndiyo maana tunaipenda."

"Basi waambie umeshindwa."

"Nikishindwa mimi, maji yameshindwa. Yakishindwa maji, watauliza lile bakuli la pili lilisagwa na nini." Hakuacha kukanyaga alipokuwa akisema. "Vipi Mzee Gu?"

Mzee Gu alikuwa anatembea kwa fimbo, amepinda, lakini alikuwa hai. Siku ileile alijaribu kumsaidia Lachman. Alificha mchanga mwekundu ndani ya mkate wa mvuke, akampelekea Lachman kama zawadi. Askari aliumega, ukamwagika. Askari naye aliogopa kuripoti kwamba mchanga ulikaribia kumpita, basi akamzaba mzee kibao, akaufagia mchanga kwa mguu, na tangu hapo mikate yangu yote ikawa inamegwa vipande vipande getini. Gu alikaa chini ukutani akamtukana askari, akamtukana Mkaguzi, akamtukana Lachman kwa kumwokoa. "Nani alikuomba, Mhindi? Nilikuwa nimezoea fimbo!"

Lachman alicheka, na kile kicheko ndicho cha mwisho nilichokisikia kwake.

Baridi iliporudi ilimmaliza. Kutwa mikono yake ilikuwa ndani ya maji ya barafu. Vidole vilipasuka, vikatunga usaha, na yule aliyekuwa anaweza kubana dhahabu kuzunguka punje ya yakuti akawa hawezi kufunga kifungo chake mwenyewe. Tokhta alikuwa anamfunga. Kisha kikohozi, kisha homa. Alikufa mchana, kwenye kiti chake, na askari alidhani amepumzika mpaka gurudumu liliposimama kabisa.

Kwao huchoma maiti. Tokhta na Gu waliomba ruhusa, wakamchukua nje ya ukuta wa mji kwa mkokoteni wa makaa, wakamfanyia walivyoweza, Mwislamu mmoja na mzee wa Suzhou ambao hawakujua dua hata moja ya watu wake. Gu alirudi na nyusi zimeungua. Hakumtukana mtu yeyote kwa siku kadhaa.

Mimi, Mungu anisamehe, katikati ya msiba nilikuwa natoa viatu sandukuni. Niliona jambo limekwisha. Fundi amekufa, ufundi umekufa naye, mkalimani hana tena wa kumtafsiria. Nilivitia viatu vile kwenye kitambaa pamoja na nguo zetu, nikafunga fundo.

Mkaguzi alifika mwezi ulipoandama, kama kawaida yake. Alisikitika. Alisimama mbele ya lile jiwe, akalipapasa kwa upole, akapitisha kidole kwenye ule weusi wa chuma, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Mafundi wote walikuwa wamesimama mstari. Mimi nilikuwa na vikapu vyangu, na nguo za safari nilikuwa nimezivaa tayari.

"Alikuwa amefika pazuri," alisema. "Ni hasara kubwa kazi kama hii ikikatika." Kisha akakumbuka kitu, na uso ukamng'aa, kwa sababu kweli alikuwa mtu makini asiyesahau. "Marehemu alisema ufundi huu huupata mtu aliyelala paa moja na fundi miaka mingi. Je, yupo?"

Watu wote wakainamisha vichwa. Mzee Gu alifumba macho. Nilianza kudhani tumepona.

"Tokhta, Bwana Mkubwa," alisema Delin taratibu. "Marehemu alikuwa mpangaji wake."

Mume wangu alitazama kile kiti, akatazama mtungi, kisha akanitazama mimi, na niliona ameshaketi hata kabla miguu haijamfikisha.

Sijui ni nini kilinishika. Niliweka vikapu chini, nikaenda moja kwa moja hadi mbele ya Mkaguzi, nikampigia kelele usoni kwa lugha yetu, kwa kuwa Kichina chote kilikuwa kimenitoka.

"Halijasogea! Jiwe halijasogea hata unywele! Kipofu wewe, hicho ni kutu! Maji hayakati jiwe! Hayakuwahi kukata! Ni neno lilikosewa, neno moja, na umeshamuua mtu, na sasa unanichukulia mume, na mwanangu ananisahau! Niangalie! Maji hayakati jiwe!"

Askari akanishika mabega. Mkaguzi hakukasirika. Aliinama kidogo, kama anavyosikilizwa mtu aliyefiwa, kisha akamgeukia Tokhta.

"Mkeo anasema nini?"

Tokhta alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Mguu wake ulikuwa juu ya kanyagio. Alinitazama, akamjibu mkubwa kwa Kichina kilichonyooka:

"Anashukuru, Bwana Mkubwa, kwa heshima tuliyopewa."

Mkaguzi alifurahi. Alisema ni jambo jema mke akiijali kazi ya mumewe, akaamuru kwamba tangu siku ile mimi ndiye nitakayekuwa nikimchotea maji.